Tengenezeni Gurudumu Kwanza, Pesa ya Nyumbani Itumwe Wiki Ijayo

Swali hili linatufikia kwa maneno tofauti, lakini maana ni ile ile. "Kombi letu la kwendea kazini limekatika stadi moja ya gurudumu la nyuma. Fundi anasema nne zilizobaki zinatosha. Mwisho wa mwezi ndio huu, na nyumbani wanasubiri ada ya shule. Tutengeneze au tutume?"

Jibu letu ni fupi. Tengenezeni, tena kabla kombi halijatoka kupakia watu. Kama pesa haitoshi kwa yote mawili, ya nyumbani ingoje wiki moja. Tunajua jibu hili halipendezi. Kila siku hapa tunahimizana kutuma kwa wakati, kutokula pesa ya watoto, kutojificha simu ya mama inapolia. Sasa leo tunasema subirini? Ndiyo, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane tunazungumzia gari gani. Hapa Yeoville, kuanzia Rockey Street hadi Bellevue, makundi mengi ya mafundi ujenzi yamechanga na kununua kombi la zamani. Mengine yalikuwa magari ya kupigia kambi: kitanda nyuma, vikabati vya mbao, sehemu ya jiko la gesi, tangi la maji. Wenyewe wa kwanza walikuwa wanaendea likizo baharini. Sisi tunaendea saiti. Kazi ikitokea mbali, Rustenburg au Witbank, watu wawili watatu wanalala humo humo na kuokoa kodi ya chumba. Kazi ikiwa mjini, asubuhi linashusha dada zetu wa kazi za ndani Houghton na Norwood, halafu linaendelea na mafundi hadi Sandton. Ni ununuzi wa akili. Hatuupingi hata kidogo.

Lakini gari hilo ni zee, na ni zito kuliko linavyoonekana. Hebu hesabuni. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko kumi ni nusu tani. Tangi la maji la lita 60 likijaa ni kilo 60. Ongeza kitanda na kabati ambazo hamjang'oa, ongeza vyuma vya jukwaa, ongeza watu wenyewe. Uzito wote huo unapita kwenye magurudumu manne, na kila gurudumu limeshikwa na vyuma vitano au sita vyenye unene wa kidole. Hivyo ndivyo stadi.

Stadi inashikaje?

Kwa asiyejua, stadi ni ile boliti iliyopigwa kwa nyuma ndani ya habu, kichwa kikabaki ndani na uzi ukachomoza nje. Rimu inavalishwa juu yake, kisha nati inakazwa kutoka nje. Wengi wanafikiri gurudumu linaning'inia kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa sawasawa, inaivuta stadi mpaka inanyooka kidogo sana, kama springi, na mvuto huo ndio unaobana rimu kwenye habu. Kinachobeba gari ni ule mbano. Rimu na habu zinakuwa kama kitu kimoja, haziteleziani.

Sasa nati ikilegea, mbano unapungua na rimu inaanza kucheza. Kila gurudumu likizunguka, stadi zinapindwa kidogo huku na kidogo kule. Tairi la kombi lina mzunguko wa karibu mita mbili, kwa hiyo kwa kila kilomita moja linazunguka mara 500 hivi. Safari ya kilomita kumi ni mara 5,000. Sisi wa ujenzi hatuhitaji profesa kutueleza kinachofuata. Chukua waya wa kufungia nondo, pinda huku, pinda kule, pinda huku, pinda kule. Hukuutumia nguvu, lakini umekatika. Chuma kinachoka, na stadi huchoka vivyo hivyo.

Ndiyo maana neno la "nne zilizobaki zinatosha" linatutisha. Gurudumu la stadi tano likipoteza moja, limepoteza sehemu ya tano ya mbano wake. Hilo ni baya, lakini baya zaidi ni kwamba zile nne si nzima. Zilikuwa zinapindwa pamoja na mwenzao aliyekatika, siku zile zile, barabara ile ile, na tangu alipokatika zimebeba mzigo wake. Zilizo jirani naye ndizo zilizobeba zaidi. Huenda zina nyufa ambazo jicho halioni. Stadi ya kwanza ikikatika imekupa taarifa. Ya pili inaweza isikupe.

Kwa nini imekatika?

Kabla ya kununua mpya lazima mjue sababu, la sivyo mtanunua tena baada ya miezi miwili. Sababu si nyingi.

Ya kwanza ni nati iliyolegea, mara nyingi baada ya kubadilisha tairi. Mtu anakaza haraka kando ya barabara, mvua inanyesha, gari linaondoka, hakuna anayerudi kuangalia tena.

Ya pili ni kinyume chake: kukaza kupita kiasi. Kijana wa tairi anashika bunduki ya upepo, anabonyeza mpaka inapiga kelele, anaona amewafanyia hisani. Stadi ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena kama springi. Imenyooka moja kwa moja, na imedhoofika.

Ya tatu ni uchafu. Kutu, tope au rangi nene kati ya rimu na habu. Siku ya kukaza kila kitu kinaonekana kimebana, lakini baada ya safari chache ile rangi au kutu inasagika na kupungua, na mbano unapungua nayo. Wale waliopaka kombi rangi mpya na rimu zikapakwa mpaka sehemu zinazokutana na habu, tafadhali kaangalieni.

Ya nne ni nati zisizo za rimu ile. Kuna nati zenye mdomo wa mshazari unaoingia kwenye tundu la rimu lenye mshazari, na kuna zenye mdomo bapa na washa. Mtu akinunua rimu za kizee za mkono wa pili na kuzifunga kwa nati za zamani, nati inagusa pembeni tu. Inaonekana imekaza, kumbe haijakaa.

Na ya tano ni mzigo. Nusu tani ya saruji kwenye gari la likizo, halafu mashimo ya barabara zetu baada ya mvua za Desemba na Januari. Hapo hata stadi nzima inaomba huruma.

Kutengeneza kunakostahili

Sisi hatusemi kila mtu ajitengenezee. Tunasema mjue kazi nzuri inafananaje, ili mnapomlipa fundi wa mtaani mjue mmelipia nini.

Kombi liegeshwe mahali pagumu na bapa, magurudumu mengine yawekewe mawe au magogo, na gari likiinuliwa likalishwe kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Nani kati yetu angesimama chini ya zege lililoshikiliwa na nguzo moja? Basi na chini ya gari ni hivyo hivyo.

Gurudumu likitoka, ngoma ya breki au diski inaondolewa, na stadi ya zamani inasukumwa nje kwa nyuma. Shingo ya stadi ina meno madogo yanayouma kwenye tundu la habu ili isizunguke nati inapokazwa. Hapa ndipo wengi wanaibiwa. Stadi mpya lazima iwe na urefu ule ule, uzi ule ule na shingo ya unene ule ule. Toyota nyingi hutumia uzi wa milimita 12 wenye hatua ya 1.5, lakini uzi kufanana hakutoshi. Shingo ikiwa nyembamba hata kidogo, stadi itazunguka ndani ya tundu na nati haitakaza. Nendeni dukani na ile ya zamani mkononi, mkaziweke sambamba. Na magari machache ya zamani yana uzi wa kushoto kwa magurudumu ya upande wa kushoto, yaani yanakazwa kinyume. Ulizeni kabla ya kulazimisha.

Stadi mpya ni vizuri ikisukumwa kwa mashine ya kubana. Wengi mtaani huivuta kwa washa kadhaa na nati ya zamani mpaka kichwa kikae bapa kwenye habu, na hiyo inakubalika ikifanywa polepole. Kisichokubalika ni kuipiga nyundo nzito habu ikiwa kwenye gari, maana beringi ndiyo inayopokea pigo. Kisichokubalika kabisa ni kuchomelea. Tunajua mafundi wetu wa welding ni hodari, wanachomelea mageti ya mji mzima huu. Lakini chuma cha stadi kimetiwa ugumu kwa moto kiwandani. Ukikichoma tena unakiharibu, kinakuwa kama biskuti. Na boliti ya duka la vifaa vya ujenzi, hata ikiingia vizuri, si stadi.

Ziwekwe ngapi? Ikikatika moja, badilisheni zote za gurudumu hilo pamoja na nati zake. Huo ndio msimamo wetu, na tunajua fundi wengine watasema ni kupoteza pesa. Tofauti ya bei ni ndogo, na kazi ya kufungua imeshafanyika.

Kisha usafi: rimu na habu zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kikutane na chuma. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa mtindo wa nyota, moja halafu ya upande wa pili, zisifuatane kwa mzunguko. Mkazo wa mwisho ni gari likiwa chini, kwa spana ya kupimia nguvu, ile wanayoiita toki, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usipake grisi kwenye uzi kama kitabu hakijasema, kwa sababu uzi wenye mafuta unavutwa zaidi kuliko spana inavyoonyesha. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simameni mkaze tena kwa spana ile ile. Hatua hii ya mwisho haigharimu hata senti, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Sasa tuje kwenye pesa

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri, kwa sababu watu wanaona matengenezo ya gari kama mwizi wa pesa ya nyumbani. Sisi tunaona kinyume.

Kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kuanzia Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa, na wafanyakazi wa ndani wamo. Siku ya saa tisa ni randi 259.11. Kombi likibeba watu kumi na likalala siku moja barabarani, kundi limepoteza zaidi ya randi 2,590, na hiyo ni kwa wale wanaolipwa kima cha chini. Fundi matofali anapoteza zaidi. Upande wa pili, tuseme stadi moja na nati yake ni randi 60, kwa hiyo tano ni 300, na fundi achukue 400. Bei halisi mtauliza wenyewe dukani, lakini hata mkiiongeza mara mbili bado iko chini ya siku moja ya watu kumi kukaa bure. Na hapo tumehesabu gari kusimama tu. Hatujahesabu gurudumu lililotoka kwenye M1 saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa ndani.

Hilo nalo tuliseme wazi. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 1993, inahesabu safari ya kwenda kazini kuwa sehemu ya kazi pale mwajiri anapotoa gari maalumu, bila malipo, likiendeshwa na yeye au mfanyakazi wake. Dada zetu wa kazi za ndani nao waliingia kwenye fidia hiyo baada ya hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Novemba 2020, na ni ushindi mkubwa. Lakini kombi tulilochanga sisi wenyewe si gari la mwajiri. Ukiumia humo asubuhi, usitegemee mlango huo kukufungukia. Mfuko wa Ajali za Barabarani upo, ila madai yake yanaweza kuchukua miaka. Mtoto anayesubiri ada Lubumbashi au Kigoma hasubiri miaka. Kwa hiyo bima yetu ya kwanza, tupende tusipende, ni nati zilizokaza.

Tena gari likikamatwa kwenye kizuizi kwa ubovu, mtalipa faini na gharama za kulitoa. Na wale kati yetu ambao makaratasi yao yako "kwenye foleni" wanajua kwamba kwenye kizuizi askari haishii kutazama magurudumu tu.

Wako wanaosema: "Mama hajui stadi ni nini. Anajua tarehe 30 haikuja pesa." Ni kweli, na inauma. Lakini mama mpigie. Mwambie gari la kazini limeharibika, pesa inakuja Jumatatu ijayo. Mzazi anaelewa jembe likivunjika mpini. Asichoweza kuelewa ni simu ya usiku kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Msitume nusu leo na nusu wiki ijayo ili tu kumtuliza, kwa sababu kila muamala una makato yake, na Benki ya Dunia imekuwa ikiitaja Afrika Kusini miongoni mwa nchi za G20 zenye gharama kubwa zaidi za kutuma pesa nje. Subirini, tumeni mara moja.

Na msikimbilie mashonisa. Riba ya asilimia 30 kwa mwezi si ajabu kwao, na wengine wanashikilia kadi yako ya benki mpaka umalize. Mkopo wa stadi tano unaweza kugeuka kuwa bei ya injini.

Dawa ni mfuko wa gari, nao tunajua kuuendesha. Wakongo wanaita likelemba, Watanzania mchezo au upatu, Wakenya chama, wenyeji hapa stokvel. Watu kumi wakitoa randi 20 kila Ijumaa, kwa mwaka ni randi 10,400. Kwa huo mnanunua tairi, breki, stadi, na spana ya toki ya kwenu wenyewe. Lakini mfuko huu usizungushwe kama mchezo. Hakuna wa zamu yake. Pesa ni ya gari, daftari liwe la mmoja, ufunguo wa mwingine, na anayekata tiketi ya Krismasi kwenda nyumbani asiukope.

Mwenye sauti ni nani?

Makundi mengi yana kawaida moja mbaya: dereva ndiye anayeamua. Kadi ya gari iko kwa jina lake au la binamu yake, basi wengine wanapanda kimya. Akisema "litafika tu, kaka," wanapanda. Sisi tunasema anayekaa ndani ya gari ana haki ya kuuliza, awe amechanga kulinunua au anatoa hela ya mafuta tu. Na hasa dada zetu, ambao wanashuka mapema na mara nyingi hawaitwi kwenye kikao cha gari. Dada, ukiona kutu nyekundu inatiririka kuzunguka nati, ukisikia mlio wa kugongagonga upande mmoja, ukiona tundu lisilo na nati, sema. Mwambie, "Kaka dereva, hapa kumepungua kitu." Akikasirika, akasirike. Kupanda teksi siku hiyo ni nauli ya siku moja.

Kwenye jukwaa la saiti hakuna msimamizi anayekubali klempu moja ipunguzwe kwa sababu zilizobaki zinatosha. Tungekataa kupanda, na tungekuwa sahihi. Kombi linatupeleka kwenye jukwaa hilo hilo, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Kwa hiyo Ijumaa hii, kabla ya kwenda kwenye foleni ya kutuma pesa, lizungukeni kombi lenu. Hesabuni nati, gurudumu kwa gurudumu, na mzikaze kwa spana, mkono hautoshi. Zikiwa zote zipo na zimekaza, tumeni nyumbani kwa amani. Ikipungua hata moja, kombi lilale, na Jumamosi asubuhi mtu mmoja aende duka la spea na ile iliyokatika mfukoni.